Kitabu hakiko maktaba ya chuo chenu: uazimiwe, uende mwenyewe, uombe skani ama utegemee mtandao?

Hii ni ya wale wanasoma masta na PhD huku kwetu, kuanzia Nakuru na Njoro, Eldoret, Kakamega, Bungoma mpaka Maseno, Kisumu na Bondo, na pia wale wa digrii ya kwanza wako na projekti ya mwaka wa nne. Supavaiza amekurudishia chapta ya pili, pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu "msome huyu", jina la mwandishi na mwaka. Umeingia katalogi ya chuo, umetafuta kwa jina la kitabu, kwa mwandishi, kwa mada, hakuna. Ama kiko, nakala moja tu, na aliyeichukua hana haraka ya kurudisha. Hapo ndo wengi hukata kona, wanamnukuu mwandishi ambaye hawajamsoma kupitia kwa mtu mwingine aliyemnukuu, alafu siku ya difensi anatokea mtahini mmoja aliyekisoma kitabu chenyewe na anauliza swali moja tu.

Njia halali za kukifikia hicho kitabu ziko, na baadhi karo yako imeshachangia kuzilipia. Shida ni kwamba mara nyingi hakuna mtu hukaa chini na mwanafunzi amweleze ipi ni ya kazi gani. Hapa nitazilinganisha nne: kuazimiwa kitabu kupitia maktaba yako, kwenda mwenyewe maktaba ya chuo kingine na barua, kuomba nakala ya sura ama makala ikufikie kwa imeli, na kutumia zile rasilimali za mtandaoni ambazo vyuo vinalipia kwa pamoja.

Kabla ya kuchagua, jiulize haya

La kwanza na la maana kuliko yote: unataka nini hasa? Mtu anakuja akisema anataka kitabu, kitabu chenyewe kina kurasa 400, ukimuuliza maswali mawili unagundua anataka sura ya 6 pekee, ile ya nadharia. Huyo hana haja ya kuazimiwa kitabu, skani itamtosha na itafika mapema zaidi. Makala ya jarnali nayo ni kitu kingine kabisa, maktaba haziazimani majarida, zinatumiana nakala ya ile makala. Tasnifu ya mtu aliyesoma chuo kingine pia iko na njia yake, juu nakala ya karatasi karibu kila mahali hairuhusiwi kutoka nje, lakini nyingi zimewekwa kwenye hifadhi za kidijitali za vyuo. Kwa hivo kabla hujaamka kwenda popote, andika kwa karatasi: kitabu kizima, sura, makala ama tasnifu.

La pili ni muda. Unatakiwa kuwasilisha lini, wiki hii ama semista ijayo?

La tatu ni pesa, na hapa usihesabu ada pekee. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, fotokopi, bando, na kama umeajiriwa hesabu na siku ya kazi uliyoikosa. Kuna njia inaonekana ya bure na ikishamalizika imekula kuliko ile ya kulipia.

La nne ni mahali uliko na vitu ulivyo navyo. Mwalimu wa sekondari aliye Ugunja anayesoma skulubesi likizo za Aprili, Agosti na Desemba hayuko sawa na mtu anayelala hosteli hatua chache kutoka maktaba. Mwingine ana laptopu na netiwaki nzuri, mwingine anasoma kwa simu ya kioo kidogo na stima hupotea jioni.

La tano watu hulisahau: kitabu kikipotea ama kikinyeshewa, ni nani anabeba mzigo?

Maswali ni hayo matano, na kila njia hapa chini nimeipima kwa hayohayo.

Kuazimiwa kupitia maktaba yako

Kitu cha kuelewa kwanza ni kwamba hapa wewe huazimi, maktaba yako ndo inaazima kwa niaba yako. Unaenda kwa mkutubi wa huduma za wasomaji, unajaza fomu, wanahakikisha kweli hawana hicho kitabu, wanatafuta chuo kilicho nacho, wanaandika barua ama imeli rasmi, chuo kile kinaangalia masharti yake, kikikubali kitabu kinakuja kwa jina la maktaba yenu, ndo sasa wewe unaitwa kukichukua. Kurudi kinafuata njia ileile. Ukikiweka mpaka muda upite, anayedaiwa na chuo kile ni maktaba yako, na maktaba yako inakudai wewe, na kwa kuwa hakuna mtu hugraduate bila maktaba kumsainia fomu ya kliarensi, deni la kitabu kimoja cha watu linaweza kukuzuia mlangoni wakati wenzako wanapima gauni.

Fomu yenyewe ndo mahali kazi nyingi huharibikia. Mtu anaandika jina la mwandishi na nusu ya jina la kitabu, basi. Mkutubi wa upande wa pili anapata matoleo matatu, hajui ni lipi, anarudisha swali, swali linakaa siku kadhaa kwa imeli ambayo hujafungua. Andika jina kamili la mwandishi, jina la kitabu pamoja na lile dogo linalofuata nukta mbili, mchapishaji, mwaka, toleo, na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Vitabu vya kuanzia 2007 huwa na ISBN ya tarakimu 13, vya kabla ya hapo tarakimu 10, na vya zamani sana havina kabisa, hivo usishtuke. Toleo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, juu sura ya 6 ya toleo la 3 inaweza kuwa sura ya 8 ya toleo la 5 na kurasa zote zimehama. Alafu ongeza mstari mmoja useme ulikiona katalogi ya chuo gani na namba yake ya rafu. Huo mstari mmoja unamwokolea mkutubi wako kazi ya asubuhi nzima.

Nini kinaweza kuja? Vitabu vya kawaida vya rafuni. Kamusi, ensaiklopidia, vitabu vya rizavu vinavyotolewa kwa masaa tu, tasnifu, magazeti, majarida yaliyojaladiwa na vile vitabu adimu vya mikusanyiko maalum, hivyo kwa kawaida havitoki. Pia kitabu cha kozi ambacho wanafunzi wao wenyewe wanakigombania, usitegemee wakitoe.

Muda ndo udhaifu wake mkubwa. Inaweza kuwa siku chache, inaweza kuwa wiki kadhaa, inategemea vyuo hivyo viwili vina makubaliano gani, kitabu kinasafirishwa vipi, na ni wakati gani wa semista. Na ukishakipata, muda wa kukaa nacho unapangwa na mwenyewe, anaweza pia kukiita kabla ya tarehe kama wanafunzi wake wamekihitaji. Kwa upande wa pesa ni rahisi kiasi, maktaba zingine hazitozi kitu na zingine zinataka ulipie usafirishaji. Uliza kabla ya kusaini.

Kama kitabu hakipo Kenya nzima, mkutubi anaweza kuangalia WorldCat, katalogi kubwa ya OCLC, ushirika ulioanzia Ohio, Marekani, mwaka 1967, inayoonyesha ni maktaba gani duniani zinacho. IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, lilianzisha hata vocha mwaka 1995, za maktaba za nchi tofauti kulipana bila kuhangaika na kubadilisha pesa za kigeni. Lakini kusafirisha kitabu kizima kuvuka bahari ni gharama na ni wasiwasi, hivo kutoka huko nje wengi huomba nakala ya sura tu.

Inamfaa nani: mtu aliye kwenye hatua ya proposo, ana miezi mbele yake, anataka kukisoma kitabu chote taratibu, na anafika kampasi yake mara kwa mara. Kama unawasilisha Ijumaa, hii si yako.

Kwenda mwenyewe na barua

Hapa unaiendea rafu kwa miguu yako. Unaomba barua ya utambulisho kutoka maktaba yako, iwe na muhuri na saini, inasema wewe ni mwanafunzi wa chuo fulani, unatafiti jambo fulani, unaombwa usaidiwe kusoma kwa muda fulani. Unabeba barua, kitambulisho cha chuo na kitambulisho cha taifa. Begi inabaki kaunta ya mizigo, unaingia na daftari, laptopu na kalamu. Mahali pengine utalipa ada ya msomaji wa nje, pengine hutalipa, na karibu kila mahali utasoma ndani, hutatoka na kitabu.

Watu huidharau hii njia juu ni ya kizamani, na mimi naona kwa tafiti za huku kwetu ndo yenye utajiri zaidi. Ukiwa mbele ya rafu unakiona kitabu ulichokifuata na vile vinne vilivyo kando yake ambavyo hukuwa unajua vipo, juu vyote vimepangwa kwa mada moja. Kompyuta haikupi hiyo kwa urahisi. Na kuna vitu vilivyoko Kenya ambavyo havijawahi kuingia mtandaoni: vitabu vya East African Literature Bureau, ile ofisi ya uchapishaji iliyoanzishwa 1948, vitabu vya East African Publishing House ya 1965, ripoti za wilaya za zamani, makabrasha ya semina za miaka ya themanini. Mtu anayeandika kuhusu historia ya Wanga, lugha za Waluhya, uvuvi wa Ziwa Victoria enzi za ukoloni ama miwa ya Mumias hawezi kumaliza kazi bila kushika karatasi.

Chuo cha kwenda kichague kwa nguvu zake. Egerton ilianza 1939 kama shule ya kilimo pale Njoro, kwa hivo mambo ya udongo, mifugo na mazao rafu zake zina historia ndefu. Moi ilianzishwa 1984, chuo kikuu cha pili cha umma nchini, ina tawi la afya Eldoret mjini na watu wa sayansi ya habari na ukutubi kule kampasi kuu ya Kesses. Masinde Muliro pale Kakamega wanafundisha mambo ya majanga na misaada ya kibinadamu. Maseno iko barabara ya Kisumu kwenda Busia, mtu wa Kisumu anaenda na kurudi siku hiyohiyo bila shida, na Kakamega pia, unapandia Kisumu unapita Chavakali. Wa Nakuru wako na Njoro na Kabarak karibu, unatoka asubuhi na jioni uko nyumbani.

Muda basi ni siku moja ukijipanga. Kujipanga ni hivi: usiku uliotangulia ingia katalogi ya kile chuo, vyuo vyetu vingi hutumia programu ya Koha na katalogi iko wazi hata kwa asiye mwanafunzi wao. Tafuta kitabu, soma hali yake. Kama imeandikwa kiko rafuni, nakili namba ya rafu yote mpaka herufi za mwisho, juu herufi hizo ndo zinakutofautishia rafu moja na nyingine. Kama kimeazimwa utaona tarehe ya kurudishwa. Kama kimewekewa alama ya kutotoka nje, hiyo kwako ni habari njema, maana yake utakikuta. Alafu piga simu kuhakikisha wamefungua, wakati wa likizo masaa hupunguzwa na kabla ya mitihani viti vinajaa saa mbili asubuhi.

Kuna faida moja imejificha. Ukiwa umeketi ndani ya maktaba ya watu, kompyuta zao zinaweza kukufungulia majarida ambayo chuo chenu hakilipii, kwa sababu lisensi nyingi za wachapishaji zinamruhusu mgeni aliyeko ndani ya jengo. Uliza kaunta kabla ya kujihudumia. Na kama vyuo vyote viwili viko kwa eduroam, ile Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, kupitia KENET, mtandao wa intaneti wa vyuo vya Kenya, simu yako itashika intaneti ya pale kwa pasiwadi ileile ya kwenu.

Gharama ni nauli, chakula na fotokopi, na nauli ya wikendi ya kufunga shule usiilinganishe na ya Jumanne. Jukumu ni dogo, hubebi kitabu cha mtu.

Maktaba za umma, zile watu huita za KNLS, huduma ya taifa ya maktaba, ziko pia Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret. Kwa kiti, utulivu na vitabu vya jumla ni pazuri. Kwa kitabu cha kitaalamu sana cha ngazi ya PhD anza na vyuo.

Inamfaa nani: anayehitaji vitabu vingi vya mada moja kwa mpigo, anayetaka tasnifu za karatasi, na mtafiti wa historia, lugha na mambo ya mashinani. Haimfai mtu anayetafuta makala moja, huyo atateketeza siku nzima kwa kurasa 15.

Kuomba skani ya sura ama makala

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza, inapitia mkutubi wako vilevile, tofauti ni kwamba kitu hakisafiri, kinapigwa skani na kutumwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu kunakili kwa kiasi cha haki kwa ajili ya utafiti na matumizi binafsi, mradi chanzo kitajwe. Kwa vitendo maktaba nyingi husimama kwenye sura moja ya kitabu ama makala moja ya toleo la jarida. Usiombe sura tatu wiki hii na nyingine tatu wiki ijayo mpaka kitabu kiishe, mkutubi anaona na unamweka pabaya.

Muda wake mara nyingi ni siku chache, na ukimpata mkutubi mwepesi hata siku ileile. Gharama ni ndogo, mahali pengine unalipa kwa kila ukurasa, unatuma M-Pesa na kuambatisha ujumbe. Kwa mwalimu wa skulubesi aliye mbali na kampasi hii ni ya maana sana, anaiomba kwa imeli na kuipokea kwa imeli.

Sasa kinachobana ni ubora. Kitabu kinene chenye jalada gumu hakilali vizuri kwenye mashine, kwa hivo ule ukingo wa ndani unatoka mweusi na herufi za mwanzo wa kila mstari zinamezwa na kivuli. Kwa maneno unaweza kukisia. Kwa jedwali la takwimu huwezi, maana safu ya kwanza ndo imepotea, na hiyo ndo ilikuwa na majina ya vitu vinavyopimwa. Ukipokea skani usiifungie kwa simu ukasema imefika, fungua kurasa zote siku hiyohiyo, angalia kila jedwali, kila tanbihi, kila ukurasa wa mwisho wa sura, na kama kuna palipoharibika omba warudie kabla kitabu hakijarudishwa rafuni. Pia tangu mwanzo omba wakuongezee ukurasa wa jina la kitabu na ule wa nyuma yake wenye mwaka na mchapishaji, pamoja na orodha ya marejeo ya sura hiyo kama iko mwisho wa kitabu. Bila hizo utakuja kuandika marejeo yako kwa kubahatisha.

Kwa wasomaji wasioona ama wasioweza kusoma maandishi ya kawaida mambo ni tofauti na ni mazuri zaidi. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017 na sheria yetu ya hakimiliki ikarekebishwa 2019. Mkataba huo unaruhusu kazi nzima kugeuzwa kuwa breli, sauti ama faili inayosomeka na programu ya kompyuta, na taasisi zinazohusika zibadilishane hata kuvuka mipaka bila kumwomba mwenye hakimiliki ruhusa kila mara. Kama wewe ni mmoja wao usikubali kuambiwa sura moja inatosha. Taja Marrakesh kwa jina pale kaunta.

Na kama ni makala, kuna njia fupi ya kando: mwandikie mwandishi mwenyewe. Imeli yake huwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala. Jitambulishe, taja jina la makala, sema unaihitaji kwa utafiti gani. Mistari minne inatosha. Wengi hufurahi kuona kazi yao inasomwa Bungoma ama Homa Bay.

Inamfaa nani: anayejua ukurasa anaoutaka, aliye mbali, aliyebanwa na muda kiasi. Haimfai anayetaka kukielewa kitabu chote.

Rasilimali za pamoja mtandaoni

Kwa makala za jarnali anza hapa kabla ya kufikiria nyingine. Maktaba za Kenya ziliungana kwenye KLISC, muungano wao ulioanzishwa 2003, ili zichange na kununua majarida na vitabu vya kielektroniki kwa pamoja badala ya kila chuo kujadiliana na wachapishaji peke yake. Juu ya hiyo kuna Research4Life, mpango wa kuzifungulia taasisi za nchi zinazoendelea majarida bure ama kwa bei nafuu, ambao chini yake iko HINARI ya mambo ya afya tangu 2002, AGORA ya kilimo tangu 2003, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Taasisi inajiandikisha, na watu wake wanaingia kupitia hiyo taasisi. Mwanafunzi wa uuguzi ama wa kilimo ambaye hajawahi kusikia HINARI na AGORA, tafadhali kesho mfikie mkutubi wako.

Ukiwa kampasini mengi yanafunguka yenyewe kwa sababu mtandao wa chuo unatambulika. Ukiwa nyumbani utahitaji akaunti ya kuingilia kutoka nje, vyuo kadhaa vyetu vinatumia programu ya MyLOFT, na maktaba ndo inakufungulia, mara nyingi kwa imeli ya chuo. Fanya hiyo mapema. Dedilaini ikiwa kesho si wakati wa kugundua kuwa imeli ya chuo hujawahi kuifungua.

Muda ni dakika. Pesa ni bando, na ukipakua ukiwa kampasini hata hiyo haipungui. Jukumu la kupoteza kitabu halipo, lakini liko lingine: pasiwadi yako ni yako. Mtu akiitumia kupakua mamia ya faili kwa pupa, mchapishaji anaweza kukifungia chuo kizima, na wenzako wote wanabaki nje kwa ajili yako.

Inapobana ni vitabu. Majarida utapata mengi, vitabu kamili kiasi, na vingine vinaruhusu wasomaji wachache kwa wakati mmoja. Lisensi nyingi hulipwa kwa mwaka, kwa hivo jarida lililofunguka mwaka jana linaweza kukufungia mlango mwaka huu. Na yale machapisho ya zamani ya Afrika Mashariki niliyotaja hayako huko.

Ukigonga ukuta kuna milango ya bure na halali. Akaunti ya kibinafsi ya JSTOR, hifadhi kubwa ya majarida mtandaoni, inakuruhusu kusoma makala hadi 100 kwa siku 30, kwenye skrini bila kupakua. African Journals Online imekusanya majarida ya bara hili, ya Kenya yakiwemo, mengi yakiwa bure. Unpaywall ukiiweka kwa kivinjari inakuonyesha kama makala uliyofungiwa ina nakala halali ya wazi mahali pengine. Na kwa tasnifu ingia hifadhi ya kidijitali ya chuo husika moja kwa moja, ukikuta muhtasari tu bila faili, waandikie maktaba ile uulize kama imezuiwa kwa muda ama haijapandishwa bado. Kuhusu zile PDF zinazozunguka kwa magrupu ya WhatsApp, nimeona zenye kurasa zinazokosekana katikati na zenye toleo tofauti na lililoandikwa kwenye jina la faili, kwa kazi ya kutetewa mbele ya watahini sizishauri.

Inamfaa nani: karibu kila anayetafuta makala, watu wa afya, kilimo na sayansi, na anayesoma akiwa kazini. Mtu wa historia ya mashinani aitumie kuanzia, asiishie hapo.

Basi, kulingana na hali yako

Umebakisha wiki moja na unataka makala: mtandao wa pamoja kwanza, ukikosa omba skani kupitia mkutubi na siku hiyohiyo umwandikie mwandishi. Usingoje moja ikatae ndo uanze nyingine.

Umebakisha wiki moja na ni kitabu: tafuta mapitio ya kitabu hicho kwenye majarida ujue hoja yako iko sura gani, kisha omba sura hiyo. Kama kiko chuo kilicho karibu nawe, panda matatu.

Uko mwanzo wa proposo na una vitabu vitatu vikubwa vya nadharia: peleka fomu za kuazimiwa sasa, mwanzo wa semista, zikiwa zimejazwa kikamilifu, na wakati unangoja soma makala za waandishi haohao mtandaoni.

Unafundisha mbali na unafika kampasi likizo tu: fungua akaunti ya kuingilia kutoka nje siku ya kwanza ya likizo, pata imeli ya moja kwa moja ya mkutubi mmoja, na skani ziwe njia yako kuu muhula mzima. Safari ya chuo kingine iweke wiki ambayo ushahakikisha kwa simu wako wazi.

Unaandika kuhusu historia, lugha ama siasa za eneo hili: tenga siku za kwenda mwenyewe, na barua iandikwe kwa muda mrefu, si ya siku moja, ili usilazimike kuomba nyingine kila ukirudi.

Unatafuta tasnifu ya mtu: hifadhi ya kidijitali, ikishindikana barua na safari. Fomu ya kuazimiwa usiipoteze kwa tasnifu.

Umemaliza masomo na unasubiri kugraduate lakini bado unasahihisha: uliza akaunti yako ya mtandaoni itafungwa lini, pakua unachoruhusiwa kabla ya siku hiyo, na kama jina lako lina kitabu cha chuo kingine kirudishe wewe mwenyewe kaunta ya maktaba yenu, usimtume mtu, na usiondoke bila karatasi yenye muhuri kwamba kimepokelewa.